Makato hayajafutwa, yamehama

Matangazo ya akaunti zisizo na makato ya mwezi yameshazoeleka: redioni, kwenye simu, hadi kwenye vibanda vya mawakala kuanzia Tabora mjini mpaka Urambo, Kaliua na Nzega. Ni hatua nzuri na sina sababu ya kuibeza. Lakini imeeleweka vibaya. Watu wengi wamesikia "hakuna makato ya mwezi" na wakaelewa "hakuna makato". Matokeo yake, mtu anaweka shilingi 20,000 kwa wakala, anaangalia salio anakuta 7,000, na siku hiyohiyo anatangaza mtaani kwamba benki imemwibia. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Kulikuwa na agizo, yaani maelekezo aliyoipa benki ilipe kiasi fulani tarehe fulani, lililoshindikana wiki mbili nyuma kwa kuwa salio halikutosha, ada yake ikabaki inasubiri, na fedha ya kwanza iliyoingia ndiyo iliyoilipa.

Hoja yangu ni kwamba makato hayajafutwa, yamehama. Zamani mteja alilipa kwa sababu tu ana akaunti. Sasa analipa pale jambo linapokwama, na jambo linalokwama mara nyingi kuliko yote ni salio pungufu. Mabadiliko haya yanamfaa sana mwenye kipato kinachoingia tarehe ileile kila mwezi, kwa sababu yeye hakwami. Yanamuumiza mwenye kipato cha msimu, na mkoa wa Tabora umejaa watu wa msimu. Kwa hiyo anayetaka kuokoa fedha yake asitafute akaunti "ya bure" pekee. Ajue akaunti hiyo inakata lini na kwa tukio gani, kisha apange tarehe zake kabla benki haijampangia.

Tuanze na salio lenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapotelea. Akaunti moja ina salio mbili. Kuna salio la kitabuni, yaani kila kilichoandikwa kwamba kimo, na kuna salio linaloweza kutumika, yaani kile ambacho benki itakuruhusu kukigusa sasa hivi. Kati ya hizo mbili hukaa vitu kadhaa: kiasi cha chini kinachotakiwa kubaki kwenye akaunti, hundi uliyoweka ambayo haijaiva, yaani fedha yake bado haijaingia, fedha iliyoshikiliwa kwa sababu ya muamala wa kadi ambao haujakamilika, na kiasi kilichozuiwa kwa ajili ya mkopo. Mfumo wa benki unapofika kwenye agizo lako hauangalii salio la kitabuni, unaangalia hilo la pili. Mteja naye, akipiga hesabu kichwani, huangalia la kwanza. Ada zinazaliwa kwenye tofauti hiyo.

Chukua mfano wa mwalimu wa Sikonge mwenye agizo la kudumu la shilingi 180,000 kila tarehe 25 kwenda kwenye chama chake cha kuweka na kukopa. Tarehe 24 anahakikisha akaunti ina 180,000 kamili, hata mia moja haijapungua. Usiku ule benki inakata 1,300 za ujumbe wa simu na ada ya kutoa fedha. Salio linakuwa 178,700. Akaunti yake inatakiwa ibaki na 5,000, kwa hiyo kinachoweza kutumika ni 173,700. Asubuhi agizo linagonga, linakosa 6,300, linarudi. Tuseme ada ya agizo lililoshindikana ni 10,000. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, yaani 1,000, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inayopigwa juu ya 11,000, yaani 1,980. Jumla ni 12,980. Salio sasa ni 165,720. Kesho yake mfumo unajaribu tena kwa sababu ndivyo ulivyopangwa, unakwama tena, unakata tena. Salio linashuka hadi 152,740. Mwalimu akifika kwa wakala tarehe 27 na 6,300 zake mkononi, hazitoshi tena: sasa anahitaji 32,260 ili agizo lipite. Pengo limekuwa mara tano kwa siku mbili, na bado hatujahesabu faini ya chama chake kwa kuchelewesha rejesho.

Viwango hivyo ni vya kukokotoa tu, kila benki ina jedwali lake. Lakini mpangilio wa matukio ndio huo, na unaonyesha mambo matatu ambayo huwa hayasemwi dirishani. La kwanza, aliyekwama hakuwa mtu asiye na fedha. Alikuwa na zaidi ya asilimia 96 ya kilichotakiwa. Benki nyingi hazilipi agizo nusunusu: ama lote, ama limeshindikana. La pili, salio la chini na ada ndogondogo za kila siku ndivyo vilivyoangusha agizo kubwa. La tatu, ada inayojadiliwa dirishani ni ile iliyoandikwa kwenye jedwali kabla ya kodi, ilhali inayotoka kwenye akaunti ni pamoja na kodi. Ukiona jedwali, tazama chini kabisa kama bei zimejumuisha kodi au la. Tofauti ni karibu shilingi 3,000 kwa kila 10,000.

Ada za salio pungufu ziko za aina kadhaa, na haziko mahali pamoja kwenye jedwali. Kuna ya agizo la kudumu, ambayo tumeiona. Kuna adhabu ya rejesho la mkopo lililochelewa, ambayo si ada ya mara moja bali ni riba ya ziada inayohesabiwa kwa siku juu ya kiasi kilichochelewa. Ukilipa nusu, fedha yako huanza kumaliza adhabu, kisha riba, na mwisho ndiyo inagusa mkopo wenyewe. Ndiyo maana mtu analipa miezi mitatu ya kusuasua na kukuta deni halijashuka. Kuna ada ya muamala wa kadi uliokataliwa, hasa kwenye mashine ya benki nyingine. Si benki zote zinaitoza, lakini zipo, na mtu anayebonyeza mara nne akijaribu 50,000, 40,000, 30,000 na 20,000 anaweza kulipia kila jaribio. Kwanza uliza salio kwenye simu, ndipo uchomeke kadi.

Hundi inastahili maneno yake peke yake. Vijana wengi hawajawahi kuandika hundi, lakini vyama vya msingi vya ushirika, shule na makandarasi wa wilayani bado wanazitumia. Hundi ikirudi kwa salio pungufu, aliyeitoa hutozwa, na mara nyingi aliyeiweka hutozwa pia, ingawa hana kosa lolote. Hundi ya benki nyingine haiwi fedha siku ulipoiweka. Usitoe hundi yako kwa kutegemea hundi ya mwenzako ambayo haijaiva. Na hapa kuna jambo zito kuliko ada: mtu akitoa hundi ili apewe mali huku akijua akaunti haina kitu, ameshatoka kwenye suala la tozo na kuingia kwenye Kanuni ya Adhabu, kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu. Anayedhani hundi iliyorudi ni usumbufu wa kibenki tu anacheza na moto.

Sasa tuiweke kalenda ya Tabora juu ya kalenda ya benki. Mkulima wa tumbaku ya mvuke huandaa vitalu kabla ya mvua, huhamishia miche shambani mvua zinaposhika mwishoni mwa mwaka, huvuna na kukausha kwenye mabani miezi ya mwanzo wa mwaka unaofuata, kisha hufunga marobota na kusubiri soko. Fedha haiji siku robota linapopimwa. Inapita kwenye akaunti ya chama cha msingi, mkopo wa pembejeo unakatwa kwanza, michango ya ushirika inakatwa, na kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye akaunti ya mkulima. Kati ya siku ya soko na siku ya fedha kuna wiki, na msimu mbaya kuna zaidi. Benki kwa upande wake inapompa mkulima huyohuyo mkopo wa pikipiki, wa bati au wa duka la mke wake, humwandikia marejesho kumi na mawili ya miezi kumi na miwili. Mtu mwenye fedha miezi minne au mitano kwa mwaka amesaini kulipa kila mwezi. Hapo salio pungufu si ajali. Limeandikwa ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza, na hakuna nidhamu ya matumizi itakayoliondoa bila kubadilisha ratiba.

Naisisitiza hoja hii kwa sababu ushauri mwingi wa fedha unaosambaa kwa Kiswahili unamlaumu mteja kwa kukosa nidhamu. Kuna asiye na nidhamu, kweli. Lakini mkulima wa Kaliua ambaye anakwama Novemba, Desemba na Januari kila mwaka, na hachelewi kulipa hata siku moja kuanzia Juni hadi Septemba, tatizo lake ni tarehe.

Benki nazo zina utetezi wao, na ni haki tuupime kwa uzito wake. Wanasema agizo lililoshindikana lina gharama: mfumo umefanya kazi, aliyesubiri fedha hakuipata, na mara nyingine ofisa inabidi apige simu na kufuatilia. Wanasema pia kwamba bila adhabu watu wangesaini maagizo na hundi hovyo, na aliyeuza mali yake kwa kuamini hundi angebaki anahangaika. Hoja ya pili ina nguvu sana upande wa hundi. Muuza mbao wa Sikonge aliyetoa mzigo wa shilingi milioni mbili kwa karatasi anastahili mfumo unaomwogopesha mtu wa kumdanganya, na sitaki adhabu ya hundi ifutwe. Hoja ya kwanza ni dhaifu zaidi. Kompyuta kukataa agizo kwa sababu namba moja ni ndogo kuliko nyingine ni kazi ya sekunde, na jaribio la pili na la tatu halikuombwa na mteja. Adhabu inamfundisha mtu iwapo aliijua kabla. Ambaye haijui, na anaiona wiki mbili baadaye kama upungufu usio na jina kwenye salio lake, hajifunzi kupanga tarehe. Anachojifunza ni kutoiamini benki.

Upande wa wateja pia una hoja zake. Iliyo nzito ni kwamba ada ya kiasi kimoja kwa wote humuumiza zaidi mwenye kidogo: 12,980 kwa aliyepungukiwa 6,300 ni zaidi ya mara mbili ya pengo lake, na kwa aliyepungukiwa 600,000 ni kama hakuna. Hilo ni kweli, na halina jibu zuri upande wa pili. Lakini kuna hoja nyingine ya wateja iliyo dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayofuatwa zaidi: "Mshahara ukiingia toa wote, usiwaachie hata senti." Tarehe za mishahara unaweza kuiona kwa macho kwenye foleni za mashine za kutolea fedha mjini Tabora. Anayefanya hivyo anadhani anaikimbia ada, kumbe anaitengeneza. Akaunti inabaki tupu, ada ya ujumbe inakuta tupu, agizo linakuta tupu, rejesho linakuta tupu. Kila kimoja kinaandikwa kama deni, na mshahara unaofuata unapoingia unalipa vyote kwa mpigo. Hapo anaona mshahara umeliwa, anazidi kuchukia, na mwezi huo anatoa haraka zaidi. Mwenye uamuzi wa kuishi kwa fedha taslimu pekee afunge maagizo yake yote kwa maandishi kwanza. Kuacha maagizo yakiwa hai juu ya akaunti tupu ni njia ghali kuliko zote za kutumia benki.

Kuna pia wanaosema Marekani wamefuta ada hizi, kwa hiyo na sisi tufute. Habari hiyo imetufikia nusu. Kule ada ya kawaida ilizoeleka kuwa karibu dola 35 kwa tukio. Desemba 2024 ofisi ya serikali ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha ilitoa kanuni ya kuwapa mabenki makubwa, yenye mali ya zaidi ya dola bilioni 10, njia ya kutoza dola 5 tu kwa mteja aliyetumia zaidi ya salio lake, la sivyo waifuate sheria ya mikopo ya kawaida. Ilikuwa ianze Oktoba 2025. Haikuanza: Bunge lao liliitengua na Rais akasaini utenguzi huo Mei 2025. Kilichopungua huko kimepungua zaidi kwa ushindani. Capital One na Citi walifuta ada hizo wenyewe mwaka 2022, na Bank of America ikashusha kutoka dola 35 hadi 10. Tofauti kubwa zaidi ni kwamba ada yao inayolalamikiwa hasa ni ya benki kukulipia kisha kukutoza kwa kukulipia, na tangu 2010 kwa miamala ya kadi ya mara moja na mashine za fedha wanatakiwa wapate ridhaa yako kwanza. Ya kwetu mara nyingi ni ya kukataa kulipa kisha kukutoza kwa kukataa. Ushauri wa video za huko, "nenda ukajiondoe kwenye huduma," hapa hauna cha kukuondoa. Agizo la kudumu ulilisaini mwenyewe, na linaondoka kwa wewe kulifuta.

Kinachofanana na mfumo wa Marekani hapa kwetu kipo kwenye simu. Songesha ya M-Pesa, kama Fuliza ya Kenya iliyoanza Januari 2019, humwongezea mtu kilichopungua ili muamala ukamilike, kisha hukata deni kutoka kwenye fedha inayofuata kuingia. Wengi huona hii ni bora kuliko benki kwa kuwa haina neno "adhabu". Ina neno "ada", na ada yenyewe inaendelea kuhesabika kadiri deni linavyokaa. Tuseme umeongezewa 50,000, kuna ada ya kuanza ya asilimia 1 na ya 500 kwa kila siku. Siku mbili ni 1,500, nafuu kubwa kuliko agizo kushindikana. Siku kumi na nne ni 7,500, yaani asilimia 15 kwa wiki mbili. Siku ishirini na tano umefika 13,000, umeipita ada ya benki ya mfano wetu. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kubonyeza si kama huduma ni nzuri au mbaya, ila fedha yangu inayofuata inaingia lini. Mwenye duka Soko Kuu anayepokea malipo kila siku anaweza kuitumia kwa usalama. Anayesubiri soko la tumbaku asiiguse.

Sasa cha kufanya. Omba jedwali la ada na tozo la benki yako, lililoandikwa, si la kusimuliwa. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinazitaka taasisi ziweke ada zao wazi, kwa hiyo huombi hisani. Ukilipata usilisome lote. Tafuta mistari ya maagizo yaliyoshindikana, hundi zilizorudishwa kwa mtoaji na kwa mpokeaji, adhabu ya rejesho, salio la chini, muamala uliokataliwa na ada ya ujumbe. Kisha uliza maswali mawili ambayo kwa kawaida hayamo kwenye jedwali: agizo likikwama mnajaribu mara ngapi, na kila jaribio mnatoza? Jibu la maswali hayo mawili lina thamani kuliko tangazo lolote la ukutani. Ukiambiwa hujaribiwa kila siku na hutozwa kila mara, omba liwekwe jaribio moja tu.

Jambo linalookoa zaidi ni kuhamisha tarehe. Mtumishi ambaye mshahara wake huingia kati ya tarehe 23 na 25 asiweke agizo tarehe 25. Aliweke 28, ili mwisho wa juma, sikukuu au ucheleweshaji wa hazina usimkute. Ni barua moja fupi: namba ya akaunti, kiasi, anayelipwa, tarehe ya zamani, tarehe mpya, sahihi inayofanana na ile waliyonayo. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa mkopo, tarehe hubadilishwa kabla ya kusaini, baadaye inakuwa maombi ya kurekebisha mkopo na yana gharama yake. Mkulima aombe marejesho ya msimu: riba kidogo miezi ya shamba na mtaji, yaani mkopo wenyewe, baada ya soko, au malipo mawili kwa mwaka. Afisa mikopo akisema mfumo hauruhusu, hiyo ni taarifa muhimu sana kuhusu mkopo huo. Tafuta kwingine kabla ya kuweka dole gumba.

Pili, acha kinga kwenye akaunti. Kiasi chake hakihitaji kubuniwa. Jumlisha salio la chini, ada ndogo za mwezi mzima na ada moja ya kushindikana pamoja na kodi. Kwa mfano wetu ni 5,000 na 3,000 na 13,000, jumla 21,000. Fedha hiyo ihesabu kama haipo. Ni nyingi kwa mtu wa kipato kidogo, najua, lakini inawekwa mara moja, tena inaweza kujengwa kwa miezi minne. Kama una mkopo, tenganisha akaunti: moja ya kuwekea fedha ya rejesho peke yake, isiyo na kadi mfukoni, nyingine ya matumizi. Wengi hukwama kwa sababu kadi na mkopo vinakunywa kisima kimoja.

Ukiweka fedha kwa wakala kwa ajili ya rejesho, iweke siku moja ya kazi kabla, si asubuhi ya siku yenyewe. Maagizo mengi hupita alfajiri au usiku wa kufunga hesabu, na huko Ulyankulu au Kaliua mtandao ukikata saa nne, saa nane ndiyo unarudi. Risiti ya wakala iwe na saa. Ndiyo ushahidi wako ikitokea fedha iliingia kabla na agizo bado likarudi. Hakikisha pia namba ya simu iliyoko benki ndiyo unayotumia leo. Aliyebadili laini hapati ujumbe wa kukwama, anajua tu mwezi unaofuata. Na mkopo ukiisha, usidhani agizo limeisha nalo. Kama uliweka agizo la kudumu bila tarehe ya mwisho, litaendelea kugonga mpaka ulifute kwa maandishi.

Kama umeshakatwa, omba taarifa ya akaunti ya siku husika na utafute mistari miwili: muda fedha ilipoingia na muda agizo lilipojaribiwa. Kama fedha ilitangulia, una dai la wazi la kurudishiwa. Kama ulichelewa kweli lakini ni mara ya kwanza, omba urudishiwe. Benki nyingi zina mamlaka hayo ngazi ya tawi na hazitangazi. Kama ulitozwa mara tatu kwa agizo moja, dai angalau mbili. Andika malalamiko, usiishie kuongea na aliyepo dirishani, na uchukue namba au muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha. Tabora haina tawi la Benki Kuu. Yaliyo jirani yapo Mwanza na Dodoma, ila malalamiko ya maandishi hayahitaji nauli. Yanahitaji ushahidi kwamba ulianza na benki yako.

Mzigo lakini hauwezi kubaki kwa mteja peke yake. Benki inayoweza kutuma ujumbe wa kukata ada dakika ileile inaweza kutuma ujumbe siku moja kabla: kesho tunavuta 180,000, salio lako la kutumika ni 173,700, ongeza 6,300. Ujumbe huo ungemwokoa mwalimu wetu 25,960, na ungekipa chama chake rejesho kwa wakati. Kinachokosekana ni uamuzi tu, maana taarifa zote wanazo tayari kwenye mfumo. Benki Kuu ingeweza kudai hilo kwa kila agizo na kila rejesho, na kupiga marufuku kutoza zaidi ya mara moja kwa agizo moja. Kwa wakulima, mahali pa kuanzia ni mkutano wa chama cha msingi, kabla ya vitalu, wakati chama kinapoleta benki kuzungumzia pembejeo. Wakati huo benki inawahitaji wanachama mia kadhaa kwa pamoja, na mwanachama mmoja akisimama kuuliza mikopo ya nje ya pembejeo italipwa miezi gani, afisa hana budi kujibu mbele ya wote. Jibu liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, pamoja na tarehe.